Amana ya Nahodha na Deni la Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu wasomaji, na hasa kina mama wenzetu, tunawaandikia kutoka Awasi, mji mdogo ulio kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kericho, katikati ya mashamba ya miwa. Hapa si pwani. Bahari ya Hindi iko mbali, na hata Ziwa Viktoria, lililo karibu zaidi, halionekani mlangoni petu. Tulihamia huku kwa ajili ya biashara, tukafungua duka, na Mwenyezi Mungu akaturuzuku watoto na majirani wema. Lakini mtu wa pwani huondoka na bahari yake. Babu yao watoto alikuwa serehangi wa majahazi, na kifungua mimba wetu alipokua hakutaka duka wala shamba. Alitaka maji. Kwa kuwa ziwa ndilo lililokuwa karibu, akaenda ziwani.

Yaliyotupata kwa sababu ya kazi yake ndiyo tunayotaka kuyasimulia leo. Hatuyasimulii kwa kumsifu mtoto wetu. Tunayasimulia kwa sababu katika kisa hiki waliokosea tulikuwa sisi wazazi wake.

Kisumu ni bandari yenye historia ndefu. Mwanzoni mwa karne iliyopita meli zililetwa vipande vipande kwa njia ya reli, zikaunganishwa hapo hapo ufukweni na kushushwa majini. Ilipozuka Vita ya Kwanza ya Dunia, meli hizo za reli, zilizozoea kubeba abiria na marobota ya pamba, zilifungwa mizinga zikawa kikosi cha vita. Mwishoni mwa 1914 mojawapo, iliyoitwa Sybil, iligonga mwamba ikabaki ufukweni upande wa Wajerumani, na haikuopolewa hadi mwaka uliofuata. Mwezi wa Juni 1915 msafara wa meli kadhaa uliondoka Kisumu ukiwa umepakia wanajeshi kwenda kuushambulia mji wa Bukoba. Afisa wa wanamaji aliamuru meli, jenerali akaamuru wanajeshi waliokuwamo. Kila mmoja alikuwa na mpaka wake, maana wahenga walikwisha kutuonya kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama.

Baadaye ilikuja MV Uhuru, meli iliyobeba mabehewa ya reli kuyavusha ziwa tangu miaka ya sitini. Ilikaa miaka mingi bila kazi, hadi ilipofufuliwa mwishoni mwa 2019 kwa mkono wa jeshi la wanamaji la Kenya. Kisha ikajengwa MV Uhuru II hapo hapo Kisumu, katika karakana iliyo chini ya usimamizi wa jeshi hilo. Vijana wa mizigo walipowaona wanamaji kazini walijifunza mengi kwa macho. Mwana wetu alikuwa miongoni mwao, ingawa yeye aliajiriwa na mfanyabiashara binafsi.

Mfanyabiashara huyo alikuwa na vyombo vitatu vya chuma. Vilipeleka saruji na mabati ng'ambo na kurudi na mbao. Kila chombo kilikuwa na nahodha wake, na mwana wetu aliwekwa kuwa mkuu wa msafara. Siku aliyopewa cheo hicho tulipika pilau, tukawaita majirani, tukasoma dua. Ukweli ni kwamba tulifurahia mshahara kuliko cheo. Tulikuwa tumekopa kupanua duka, na binti yetu mdogo alikuwa chuoni akisomea uuguzi.

Yeye alikichukua cheo kwa namna nyingine. Alipokuja likizo, tulimkuta usiku akiandika katika daftari. Tulipomuuliza, alitueleza kwa subira, kama mwalimu. Alisema nahodha wa chombo kimoja huangalia chombo chake: shehena imepangwaje, maji ngamani ni kiasi gani, nani yuko zamu. Mkuu wa msafara haangalii chombo kimoja. Yeye ndiye anayeamua waondoke saa ngapi, nani atangulie, nani afuate, na umbali gani uwe kati yao. Ishara zote huafikiana naye, na upepo ukichafuka ndiye anayesema warudi au wajifiche wapi. Mwendo wa msafara, alisema, ni mwendo wa chombo kilicho dhaifu kuliko vyote. Akivikimbiza viwili vyenye nguvu, cha tatu atakiacha peke yake gizani.

Akatueleza pia jambo ambalo wakati ule tulilisikia bila kulitia moyoni. Nahodha anaweza kumkabidhi mwenzake usukani akaenda kulala. Ndiyo maana huandika maagizo ya usiku, na huwaamuru walio zamu wamwamshe wakiona shaka, hata kama shaka yenyewe ni ndogo. Hugawa kazi, lakini dhima haigawiki. Chombo kikipata ajali naye amelala, ataulizwa yeye.

Basi ikawa usiku mmoja wa masika, baada ya Magharibi, simu ikalia. Ilikuwa sauti yake.

"Shikamoo, mama. Baba yupo?"

Tukaiweka simu mezani, tukamsikiliza pamoja. Alisema orodha ya mizigo ilikwisha fungwa, kisha mwenye vyombo akaleta saruji nyingine, na chombo cha kati kimezama kupita alama yake. Pampu ya chombo hicho ya kutoa maji ngamani haifanyi kazi. Zaidi ya hayo, wamepandishwa vibarua wa kushusha mizigo ambao majina yao hayamo katika orodha yoyote, wala hawana majaketi ya kuokolea maisha. Amekataa kutoa amri ya kuondoka. Mwenye vyombo amempa mpaka alfajiri: aondoke na msafara, au akabidhi kazi.

Sisi tulijibu nini? Hapa ndipo aibu yetu ilipo. Baba yake alimwambia, "Mwanangu, watu wote hupakia hivyo. Deni la duka linaiva mwisho wa mwezi. Nenda, pampu mtaitengeneza mkifika." Na mama yake, badala ya kunyamaza, akaongeza kwamba amtegemee Mungu, kwani ajali haina kinga.

Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa upole, "Mama, ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akategemea." Halafu akamgeukia baba yake. "Baba, chombo nitakachokuwamo mimi nakiweza. Ni hivyo viwili nisivyokuwamo vinavyoninyima usingizi. Wao wataondoka kwa sababu mimi nimesema waondoke."

Tukamwambia afikirie vizuri. Alituaga kwa salamu.

Alfajiri hakutoa amri. Alikusanya vibarua na mabaharia, akawaeleza mbele ya mwenye vyombo kwa nini haondoki, akaandika kila jambo katika daftari la chombo, akatia sahihi, akashuka. Watu wachache wakashuka naye. Mwenye vyombo akamweka mwingine mahali pake, na msafara ukaondoka asubuhi ile ile.

Ndugu wasomaji, huenda mnangoja tuwaambie kuwa chombo kilizama. Hakikuzama. Vyombo vyote vitatu vilifika salama, vikashusha saruji, vikarudi na mbao. Pepo zilitulia, ziwa likawa kama sahani.

Mwana wetu alirudi Awasi na begi moja. Watu waliocheka walicheka. Hata humu nyumbani, japo hatukucheka, tulimtazama kwa macho ya kumlaumu. Deni likaiva. Tuliuza bangili za dhahabu za harusi ili kulipa karo ya binti yetu, na kila zilipotajwa, yeye ndiye aliyeinamisha uso. Kwa miezi saba alikaa nyuma ya kaunta akipima sukari na kuuza vocha. Baba na mwana walikula sinia moja bila maneno. Neno lililokaa kati yao lilikuwa hilo tu: vilifika salama.

Barabara inayopita karibu nasi hubeba matrekta ya miwa kutoka mashambani kwenda viwandani kule Chemelil na Muhoroni. Kila siku tunayaona yakipita yamelemewa, miwa inaning'inia pande zote, na watoto wanakimbia nyuma kuokota iliyoanguka. Mengi hufika. Siku moja mwana wetu alisimama mlangoni akitazama trekta mojawapo, akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Likifika, watasema mzigo ulikuwa sawa." Hatukumjibu, ila maneno yale yalitukaa rohoni.

Kisha akaja mgeni. Alikuwa mama wa makamo kutoka Dunga, kando ya ziwa, amebeba kikapu chenye ngege wawili waliofungwa vizuri kwa gazeti. Alibisha hodi, akauliza kama hapa ndipo kwa nahodha. Tulimkaribisha, tukampa maji. Akatuita "Mama Nahodha", jina ambalo hakuna aliyelitumia tangu kijana apoteze kazi.

Alisema mumewe ni kibarua wa bandarini. Usiku ule alikuwa mmoja wa waliopandishwa bila kuandikwa. "Mume wangu hajui kuogelea," alisema. "Mwanao ndiye mtu wa kwanza kumuuliza. Alimuuliza jina lake, akamuuliza anatoka wapi, na nani aambiwe kama hakurudi. Aliposikia jina langu likiandikwa, akaogopa, akashuka." Kisha akaongeza, "Najua walifika. Waliokwenda walilipwa, yeye hakulipwa. Lakini mimi nimeolewa na mtu huyu miaka kumi na sita, na siku ile ndipo nilipojua kuna mtu kazini anajua kuwa mimi nipo."

Alipoondoka tulikaa kimya mpaka adhana ya Alasiri.

Wengi wetu tunaikumbuka MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Mamia kwa mamia ya watu walikufa, na idadi yao haikujulikana sawasawa, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Familia zilikwenda ufukweni kumtafuta mtu ambaye hata karatasi haikumjua. Na katika msiba ule lilitokea jambo la kusikitisha zaidi. Meli ilipopinduka, tumbo lake lilibaki juu ya maji, na ndani yake watu waligonga chuma kuomba msaada. Waokoaji, kwa nia njema, walitoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Nia ilikuwapo, aliyejua lipi la kuamuru hakuwapo.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikaua watu zaidi ya 220. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Rais wa Tanzania wa wakati huo, John Magufuli, alieleza hadharani kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Hesabuni wenyewe: kivuko kile kilikuwa kimevuka mara ngapi kabla ya siku hiyo kikiwa kimejaa kupita kiasi, kikafika salama? Kila kufika salama kulikuwa funzo baya. Kuliwafundisha watu kwamba mpaka uliowekwa ni wa kuchezewa.

Hapo ndipo tulipofahamu kosa letu. Tulipima amri ya mwana wetu kwa matokeo, na matokeo yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Nahodha hakupewa ghaibu aiamuru. Alichopewa ni alama ubavuni mwa chombo, pampu, orodha ya majina na hali ya mbingu saa ile. Akiamua kwa haki juu ya hayo, ametimiza amana yake, ziwa litulie au lichafuke. Akiyapuuza akafika, amefika akiwa na deni asilolijua. Hata mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unasema kwamba mwenye meli asimzuie nahodha kuchukua uamuzi ambao yeye, kwa ujuzi wake, anauona wa lazima kwa usalama wa maisha. Sheria imemkinga nahodha na mwenye mali. Nani atamkinga na wazazi wake?

Dini yetu ilitufunza haya kabla ya mikataba. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) aliagiza kwamba wasafiri wakiwa watatu wamfanye mmoja wao awe amiri. Alitufundisha pia kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa kuhusu alichopewa kukichunga. Hakumtaja mtawala peke yake. Alimtaja mume kwa watu wake, na alimtaja mwanamke katika nyumba yake. Kwa hiyo usiku ule simu ilipolia, wachunga walikuwa watatu: mmoja bandarini, wawili Awasi. Aliyechunga ni mmoja.

Na akatupigia mfano wa watu waliopanda meli moja, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine sehemu ya chini. Wa chini walichoka kupanda kuteka maji, wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe, wasiwasumbue wa juu. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka. Tulikuwa tumeusikia mfano huo mara nyingi katika darsa, na kila mara tulijiweka miongoni mwa wale wanaoshika mikono. Hatukujua kwamba siku moja tungekuwa wa chini, tumeshika patasi, tukisema ni kwa ajili ya karo tu, ni kwa ajili ya duka tu, ni mahali petu tu.

Usiku ule, baada ya Isha, baba mtu alimwita mwanawe barazani. Si desturi ya wazee wetu kumwomba radhi mtoto, na ulimi ulikuwa mzito. Lakini alisema, "Nilikuagiza vibaya. Nisamehe." Kijana akaubusu mkono wa baba yake, akasema alikwisha kusamehe siku ile ile, ila alichokuwa akikingoja ni radhi yetu, kwani hakuwahi kuondoka nyumbani bila hiyo. Tulilia, na hatuoni haya kuliandika hilo.

Leo amerudi ziwani. Si mkuu wa msafara. Ni msaidizi wa nahodha katika chombo cha watu wengine, kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza. Deni la duka tulilimaliza polepole. Bangili hazikurudi, na mikono imezoea kuwa mitupu. Akipiga simu kabla ya safari hatumuulizi tena atalipwa lini. Tunamuuliza kama orodha imetimia, kama pampu inavuta, kama mbingu ni safi. Naye hucheka, husema sasa ana wakuu wa msafara wawili walioko Awasi. Kisha tunamsomea dua ya Nabii Nuhu (A.S.) ya kupanda chombo, tunamwachia Mola wake.

Kina mama wenzetu, si wote wenye mtoto ziwani au baharini. Lakini wengi wetu tuna mume anayeendesha basi, kaka anayesimamia ghala, binti anayetoa dawa hospitalini, mtoto anayetia sahihi hesabu za watu. Iko siku atapiga simu jioni, sauti yake nzito, akitaka kusikia neno moja kutoka nyumbani. Huenda neno hilo likamgharimu kazi, nasi likatugharimu bangili. Tusiwe mkono unaomsukuma. Mchuma janga hula na wa kwao, na mara nyingi ni wa kwao waliomtuma achume.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa majini, waliojulikana majina na wasiojulikana, awalinde walio safarini usiku huu, na atujaalie sisi tuliobaki nyumbani tuwe nguzo kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.